Nyuzi Tisini za Watu Wawili

Mlangoni pa zahanati ya hapa Nyamigogo wameweka ndoo yenye koki ya kunawia, na maji yake wameyatia ile dawa. Kila anayefika hunawa, akaendelea na shida iliyomleta. Mimi juzi nilisimama pale mikono ikidondosha maji, foleni ikiguna nyuma yangu, mpaka dada mmoja akaniambia, "Mama, kama umemaliza tupishe." Nikampisha. Harufu ya dawa ya maji haijabadilika hata kidogo. Wenzangu wa rika langu mliokulia Ngara miaka ya wakimbizi mnaijua: inaingia puani, inashuka kooni, na kwa saa nzima kila unachokula kina ladha yake. Ikinifikia mimi sisikii hofu wala huzuni. Nasikia mwili umekuwa mzito tu, kama nimevaa nguo iliyolowa, na nataka kukaa mahali nisiulizwe kitu.

Kwetu ni Bugarama, mpakani. Kabla ya wakimbizi, mtu akitaka kuni alizunguka nyuma ya nyumba. Walipokuja, walikuja wengi kwa mkupuo mmoja, hata sisi watoto tukadhani nchi zao zimehamishwa zote na milima yake. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mwanzoni kweli tulipona: ndizi ziliuzika, mafuta ya makopo yaliingia katika kila chungu, mahindi ya njano ya msaada yalifika hadi kwa kuku. Kisha vilima vikabaki vipara, moshi wa kambi ukawa unalala bondeni kila asubuhi, na kijito tulichoteka maji kikaanza kunuka. Sina kinyongo nao. Waliongea karibu sawa na sisi, tulielewana bila mkalimani, na watoto waliozika wao ni wengi kuliko tuliozika sisi. Nasema tu yalivyokuwa.

Mimi ni Butoyi. Nyumbani jina hilo halihitaji maelezo: ukiitwa Butoyi una Bukuru wako, pacha aliyekutangulia kutoka tumboni, na anayezaliwa baada yenu ataitwa Chiza. Sisi tulikuwa na Chiza wetu, mtoto wa kiume mwenye njaa isiyokwisha. Bukuru wangu alikuwa msichana kama mimi. Alinizidi umri kwa muda wa kuchemsha sufuria ya maji, lakini ukubwa huo aliutumia wote, hakubakiza. Alinituma, alinitetea, alinisemea. Mtu akiniuliza jina langu, yeye ndiye aliyejibu, na mimi nilitikisa kichwa kuthibitisha. Sikuona ubaya. Nilidhani ndivyo watu wanavyoishi, mmoja anasema na mwingine anakubali.

Sheria za mapacha nyumbani zilikuwa mikononi mwa bibi, mama yake baba, mwanamke mkavu asiyependa maswali. Sheria kubwa ilikuwa ya chakula. Ndugu wengine hupakuliwa kila mtu chake. Sisi tulipakuliwa fungu moja, ndizi na maharage juu ya jani la mgomba, kisha mama akalikata katikati kwa ubavu wa mkono ukabaki mfereji mwembamba, upande huu wangu, upande ule wa Bukuru. Bibi alisimamia ukataji huo kama hakimu. Alituambia mapacha hawana mafungu mawili, wana moja. Ukimzidishia mmoja, umempunja mwenzake, na pacha aliyepunjwa hukasirika akaondoka. Tulicheka maneno hayo tukiwa wawili. Bukuru alikuwa akinichungulia upande wangu na kusema, "Leo nimepunjwa, naondoka," kisha ananichotea maharage.

Ugonjwa ulikuwa wa kuhara damu. Ulianzia kambini, ukapanda vilima, ukaingia vijijini bila kuuliza nani mwenyeji na nani mgeni. Mama alimbeba Bukuru mgongoni hadi kwenye mahema ya hospitali kambini, mimi nikifuata na kandambili zake mkononi kwa sababu Bukuru aliniambia nimshikie. Mlangoni pa hema palikuwa na beseni la dawa. Kila aliyeingia alikanyaga humo na kunawa. Mimi sikuruhusiwa. Nilikaa nje juu ya jiwe nikanusa ile dawa na kutazama miguu ya watu. Mama alipotoka alikuwa amembeba tena mgongoni, safari hii kafunikwa hadi kichwani. Nikamfuata, kandambili mkononi. Jua lilikuwa kali, nikashikwa na kiu, na nakumbuka niliona aibu kuwa na kiu.

Alizikwa mchana uleule pembeni mwa shamba la migomba. Hakukuwa na matanga, pombe haikupikwa, hakuna aliyenyoa. Kabla udongo haujarudishwa, bibi alitukusanya akatuambia kwa Kihangaza, lugha yetu, polepole, ili hata Chiza aelewe. "Pacha haliliwi. Ukimlilia aliyeondoka, unamwonyesha njia aliyebaki. Wala hasemwi amekufa. Amerudi alikotoka." Alimtazama mama wakati wote akisema hivyo. Watu wakanawa mikono, wakaenda zao. Baba akarudi kwenye kibarua chake cha kupakua magari ya msaada, tukawa tunamwona Jumapili. Mama akachukua ungo akapepeta maharage. Yalikuwa yamepepetwa jana yake. Aliyapepeta tena, na siku zilizofuata akayapepeta hayohayo.

Nami sikulia. Nataka nieleweke hapa, kwa sababu watu hudhani mtoto asiyelia anajizuia. Sikuwa na kitu cha kuzuia. Nilikuwa nikiamka, nikifagia, nikienda shule, nikirudi, na yote hayo nilikuwa nikiyatazama kwa mbali, kama mtu aliyekaa mlangoni anayetazama mvua inanyesha kwa jirani. Watoto wenzangu walinikwepa. Waliambiwa na mama zao kwamba pacha aliyebaki ana mguu mmoja huku na mmoja kule, asiguswe ovyo. Darasani hakuna aliyekubali kukaa mahali pa Bukuru. Nikakaa ukingoni mwa dawati, na kando yangu ubao mtupu.

Fungu letu liliendelea kupakuliwa. Bibi aliamuru hivyo: mpaka maharage mapya yatoke shambani, fungu la mapacha likatwe kama kawaida, Bukuru asije akaona amesahauliwa akarudi kumdai mwenzake. Mama alipakua, akakata kwa ubavu wa mkono, akaniwekea jani mbele. Nilikula upande wangu. Nikimaliza niliinuka kwenda kuosha vyombo, na nikirudi upande wa Bukuru ulikuwa mtupu, jani limelambwa. Sikushangaa wala sikuuliza. Chakula chake kilikuwa kimeliwa, basi alikuwa amekula.

Mambo yakiwa hivyo ndipo alipokuja Mwalimu Lutonja. Alikuwa Msukuma wa upande wa Shinyanga, kijana, mrefu mpaka alikuwa akiinama mlangoni, na Kihangaza hakujua hata cha kuombea maji ya kunywa. Kwa hiyo habari zetu hazikumfikia. Aliona mtoto anayekimbiwa na wenzake akadhani labda nina ugomvi, au nina chawa. Lakini alikuwa mwalimu aliyependa kazi yake. Shule haikuwa na vifaa. Kipimapembe kilikuwa kimoja, cha mbao, cha ubaoni, kimevunjika upande. Siku ya somo la pembe alikuja na gunia la maboksi ya biskuti za msaada aliyookota sokoni. Alikuwa ameyakata kona kwa wembe, mamia ya kona, kisha kila kona ameichana vipande viwili kuanzia kwenye ncha, hii kwa mshazari mkali, hii kwa mpana, hakuna mbili zilizofanana.

"Kona ya boksi ni pembe mraba," alisema. "Ina nyuzi ngapi?"

"Tisini!" tuliimba.

"Nimeikata sehemu mbili. Kila dawati litapata kona moja, vipande viwili, kila mtu chake. Kimoja nimeandika nyuzi zake. Kingine sikuandika. Asiye na namba aniambie yake ni ngapi, na asipime! Marufuku kupima."

Alipita akigawa. Alipofika kwangu aliona dawati la watu wawili, akaweka vipande viwili, akapita. Nikavitazama. Kimoja kiliandikwa thelathini na tano. Nikakichukua hicho. Kile kisicho na namba nikakisukuma mahali pa Bukuru, pale ambapo mkono wake ungekuwa. Darasa likanyamaza, kwa sababu wenzangu waliona nilichofanya. Mwalimu alidhani wamenyamaza kwa adabu, akafurahi.

"Haya wewe, Butoyi. Chako ni ngapi?"

"Thelathini na tano."

"Na hicho kingine?"

"Hamsini na tano."

"Umepima?"

"Hapana mwalimu. Nimetoa kwenye tisini."

Akapiga makofi, peke yake. "Mmesikia? Pembe mbili zikishakaa kwenye kona moja, zimefungana. Ukiijua moja, ya pili umeshaijua, hata kama huioni. Hata wakikuficha! Hii ikipungua, ile inaongezeka. Hii ikiongezeka, ile inapungua. Tisini haibadiliki." Kisha akaandika ubaoni jina la kitabuni la pembe za namna hiyo, jina refu ambalo sikulishika na sijalitafuta hadi leo.

Sikuwa na haja ya jina. Nilikuwa nimekaa na mkono juu ya kile kipande kisicho na namba, na kwa mara ya kwanza tangu kambini nilisikia kitu. Haikuwa furaha. Ilikuwa kama mtu anapotafuta ufunguo kwa muda mrefu halafu ukagonga kidole gizani. Bibi alikuwa amesema mapacha wana fungu moja. Alikuwa amesema aliyepunjwa huondoka. Mwalimu, mtu mgeni kabisa asiyemjua bibi wala Bukuru, alikuwa amekuja kutoka Shinyanga kuthibitisha yaleyale kwa hesabu, na kuongeza jambo ambalo bibi hakulijua: kwamba huyo usiyemwona unaweza kujua ana kiasi gani, kwa kujitazama mwenyewe. Nikipunguza kwangu, kwake kunaongezeka. Nikiendelea kupunguza, atafika tisini kamili, na mwenye tisini hana sababu ya kukasirika. Atarudi.

Nawaomba msicheke. Au chekeni, mimi mwenyewe nimewahi kucheka. Lakini ile hesabu haikuwa na kosa lolote, na mtoto wa darasa la tano aliyefundishwa kwamba hesabu haidanganyi angeanzia wapi kuikataa?

Jioni ileile, mama alipokata fungu na kugeuka motoni, niliusogeza mfereji kwa kidole. Kidogo tu, upande wangu ukapungua kama vidole viwili. Nikala kilichobaki. Nikaenda kuosha vyombo, nikarudi, upande wa Bukuru ulikuwa umelambwa wote pamoja na kile nilichoongeza. Nikaona njia imekubali. Kesho yake nikausogeza tena. Nikaanza kulala ukingoni mwa mkeka, mgongo ukigusa ukuta wa udongo, ili yeye apate nafasi. Nikapunguza maneno, na hayo sikuwa nayo mengi. Shuleni nikijua jibu niliacha kunyoosha mkono. Baridi ya asubuhi ya kwetu mnaijua. Nilikuwa najitanda pembe moja tu ya kitenge, nyingine naiachia upande wake. Njaa iliuma siku za mwanzo, kisha ikachoka kuuma. Sikuwa na huzuni hata kidogo. Nilikuwa na kazi ya kufanya, na kazi ilikuwa inakwenda vizuri.

Miaka mingi baadaye, tukiwa watu wazima, Chiza aliniambia ni yeye aliyekuwa akila lile fungu. Alikuwa akingoja niinuke, anatambaa kutoka nyuma ya mtungi. Hakudhani anaiba, alikuwa mdogo, na ndizi zilikuwa zimelala tu pale. Kweli miezi ile mimi nilikonda na Chiza akanenepa mpaka majirani wakamtania kwamba analishwa na wazungu. Kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa sahihi mpaka mwisho. Hii ilipungua, ile ikaongezeka. Nilikosea tu jina la mwenye pembe ya pili.

Siku moja nilianguka mstarini asubuhi. Sikusikia kuanguka, nilisikia wenzangu wanarudi nyuma na kuacha duara kubwa, kila mtu akiogopa kunigusa. Aliyeniokota ni Mwalimu Lutonja. Baadaye alisema alishtuka jinsi nilivyokuwa mwepesi. Alinipa uji wa walimu, nikanywa nusu kikombe nikasema nimeshiba, akanitazama sana. Akanirudisha nyumbani mapema kwa mkono wa mtoto wa jirani, ambaye alitembea mbele yangu njia nzima bila kugeuka.

Bibi aliponiona alijua anachokijua. "Anaitwa," alimwambia mama. "Nilisema. Kuna mtu humu analia kwa siri." Mama alisema hakulia. Bibi akamshika kidevu, akamgeuzia uso kwenye mwanga, akamkagua macho kama anayekagua ng'ombe mnadani. Mama alisimama vilevile akiangalia juu. Macho yake yalikuwa makavu kabisa. Nilikuwa nimekaa karibu nao, na nilijua bibi amekosea, hakuna aliyeniita, ninakwenda kwa akili zangu. Lakini sikusema. Kusema kulikuwa fungu la Bukuru.

Jua lilipoanza kushuka mwalimu alikuja mwenyewe. Mama alikuwa amekwisha kupakua, jani lipo mbele yangu, mfereji nimekwisha kuusogeza. Upande wangu palikuwa na ndizi moja na maharage ya kuhesabika.

"Hodi wenyewe."

"Karibu, mwarimu," mama alisema, akatafuta kigoda. Hakikutosha miguu ya mwalimu, magoti yakamfika kifuani.

"Shikamoo mama. Shikamoo bibi." Mama akaitikia marahaba, bibi akaitikia kwa Kihangaza. "Mama, huyu mtoto leo kaanguka. Nimekuja kuuliza, anaumwa nini?"

"Haumwi. Hana homa."

"Anakula?"

"Anakura. Nampakuria kira siku. Ndiyo hiki."

Mwalimu akaliangalia jani. Akaona upande mdogo na upande mkubwa. "Na hiki kingi cha nani?"

Bibi aliyaelewa maneno hayo, akaangalia moto. Mama alishika ungo wake. Basi Chiza, ambaye alipenda wageni, akajibu kwa Kiswahili alichokuwa amekiokota barabarani. "Cha Bukuru."

"Bukuru ni nani?"

"Anakaa kule kwenye migomba," Chiza akasema, akaonyesha kwa kidole.

Mwalimu alifuata kile kidole mpaka shambani, akarudi nacho mpaka usoni pangu. Nadhani hapo ndipo alipoliona dawati lile upya, na vipande viwili alivyoviweka. Alishuka kwenye kigoda akachuchumaa mbele yangu. Aliniuliza kwa sauti ya chini, si sauti yake ya darasani.

"Butoyi. Kwa nini huli?"

Sikuwa nimesema sentensi nzima kwa muda mrefu. Nilichukua kijiti, nikachora kona sakafuni kwenye udongo. Nikachora mstari kutoka kwenye ncha. "Hii yangu. Hii yake," nikasema. Nikafuta mstari kwa kiganja, nikauchora tena karibu zaidi na upande wangu. Nikafuta, nikachora tena. "Hii ikipungua, ile inaongezeka."

"Inaongezeka mpaka wapi?"

"Mpaka ifike tisini. Akifika tisini atarudi."

"Nani alikwambia hivyo?"

"Wewe, mwalimu. Ulisema hata usipoiona, ipo."

"Nilisema pembe, mwanangu," akasema. "Nilikuwa nasema makaratasi." Akanyoosha kidole kwenye mchoro wangu, akakirudisha. Sikuelewa kinachomsumbua. Nilitarajia anisahihishe kama nimekosea au aniwekee vema kama nimepata, na hakufanya lolote kati ya hayo.

Mama alikuwa ameelewa nusu. "Anasema nini, mwarimu? Niambie vizuri."

Mwalimu aliinuka, na kichwa chake kikagusa nyasi za paa. "Anasema chakula chake anampa mwenzake. Kila siku anaongeza. Atakapompa chote, mwenzake atarudi."

"Na yeye?"

"Yeye atabaki na sifuri."

Sifuri mama alilijua vizuri, lilikuwa neno la sokoni. Alilirudia, "Sifuri," kama mtu anayeuliza bei na kutajiwa bei asiyoitegemea. Akaweka ungo chini. Akaja akakaa sakafuni upande ule wa Bukuru, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kukaa tangu siku ya kambini, akaninyooshea mikono yote miwili akanishika mashavu.

"Bukuru amekufa," akasema kwa Kihangaza.

Bibi alitoa sauti kama aliyeungua. "Funga mdomo! Unamwita wa pili!"

"Wa pili anakwenda mwenyewe, mama, humwoni?" Mama hakuniachia mashavu. "Anakwenda kimya kimya, kama tulivyomfundisha. Amekufa, Butoyi. Alifia kwenye hema, nilikuwa nimemshika mguu. Nimemzika. Hali chakula. Harudi." Kisha akalia. Hakulia kama watu wanavyolia msibani, kwa maneno na majina. Ilikuwa sauti moja ndefu, nzito, inayotoka tumboni, na ilipokwisha pumzi alivuta nyingine akaanza upya. Majirani walitoka milangoni wakasimama uani kwao. Mwalimu Lutonja alitoka nje, nikamwona amegeukia migomba, mkono kichwani. Chiza akaanza kulia kwa sababu mama analia. Bibi alijifunika kanga usoni akaketi palepale, akaanza kunitazama kwa jicho moja kupitia upindo wa kanga, akingoja nianguke.

Nami nilikuwa nangoja vilevile. Niliamini maneno ya bibi kwa moyo wangu wote. Njia ilikuwa imeonyeshwa, sasa ingekuja. Nilikaa wima nikangoja. Mashavu yangu yalikuwa yamelowa kwa mikono ya mama. Nje kuku walikuwa wanapanda kulala. Hakuna kilichokuja.

Mama alichukua ndizi yangu ile moja, akanitia mkononi, akalisukuma jani lote mbele yangu. "Kula," akasema katikati ya kilio. "Kula chako, halafu kula chake."

Sitawadanganya kwamba nililia, au kwamba kitu kilivunjika ndani yangu kikafunguka. Hilo lilikuja baada ya miaka, kwa vipande, mahali pasipofaa, na hata leo halijaisha. Jioni ile sikusikia chochote. Nilikula ndizi. Nikala maharage yale machache. Nikafika kwenye mfereji, nikasimamisha mkono, nikamtazama mama. Alikuwa bado analia, macho yake yako mdomoni pangu. Nikavuka.